Risasi iliyotengenezwa upya: itafyatuka, na ganda litahimili?

Mapigano ya Jasini, pwani kabisa kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania ya leo, yalidumu siku mbili tu, tarehe 18 na 19 Januari 1915. Wajerumani waliwashinda Waingereza. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alipopiga hesabu baada ya moshi kutulia alikuta jeshi lake limetumia risasi kama 200,000. Kwa akiba iliyobaki, asingeweza kupigana tena mapigano ya aina ile zaidi ya mara tatu. Bahari ilikuwa imezibwa na manowari za Uingereza, na koloni halikuwa na kiwanda cha risasi.

Miezi mitatu baadaye ikaja meli. Ilikuwa meli ya Kiingereza iitwayo Rubens, iliyokamatwa Ujerumani vita vilipoanza, ikapakwa rangi na kupewa jina la Kidenmaki, Kronborg. Nahodha wake, Carl Christiansen, alikuwa ameizungusha Afrika nzima akiwa na shehena ya bunduki na risasi kwa mamilioni. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Hyacinth iliiona kaskazini mwa Tanga. Christiansen akakimbilia ndani ya Ghuba ya Manza, akafungua maji yaingie melini mpaka ikakaa chini kwenye kina kifupi, kisha akatia moto mbao zilizokuwa juu ya sitaha. Waingereza walipoona moto ule waliamini kazi imekwisha, wakaondoka. Wiki zilizofuata wapiga mbizi walishuka na kupandisha sehemu kubwa ya shehena.

Risasi zilipatikana, ila zilikuwa zimelala kwenye maji ya chumvi. Mwanzoni nyingi zilifyatuka. Siku zilivyokwenda, baruti na fataki, yaani kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa risasi, zikazidi kuharibika na idadi ya zilizogoma ikapanda. Ikabidi zifumuliwe zote: kichwa kitolewe, baruti imwagwe na kusafishwa, fataki mbovu ibadilishwe, kisha vyote virudishwe ndani ya ganda lilelile. Fataki mpya hazikuwepo, zikatumika za risasi za aina nyingine zilizokuwa zimebaki katika koloni. Huko Moshi, na popote palipokuwa na karakana, watu walifanya kazi hiyo kutwa nzima kwa miezi.

Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi risasi hizo zilivyogawanywa, na mgawo wenyewe unafundisha zaidi ya vipeperushi vingi vya wauzaji wa leo wa risasi zilizojazwa upya. Risasi nzuri za zamani, ambazo hazikuonja maji, ziliwekewa bombomu peke yake, yaani bunduki inayofyatua mfululizo. Zilizotengenezwa upya zikajaribiwa: fungu lililogoma kama asilimia 20 likaenda vitani kwa askari wa bunduki, na lililogoma zaidi ya hapo likaachiwa mazoezi ya shabaha.

Asilimia 20 ni nyingi mno. Mauser ya 1898 inabeba risasi tano, na kila moja ikiwa na nafasi nne kati ya tano ya kufyatuka, uwezekano wa kumaliza zote tano bila hata moja kugoma ni kama theluthi moja tu. Hata hivyo askari mwenye bunduki ya bolti anavumilia. Risasi ikigoma anavuta bolti, inaruka nje, anasukuma nyingine, na amepoteza sekunde mbili tatu. Bombomu la Maxim halina uvumilivu huo, kwa sababu linatumia msukumo wa risasi iliyofyatuka kutoa ganda na kuvuta risasi inayofuata. Isipofyatuka, mtambo mzima unasimama mpaka mpigaji avute mkono wa pembeni. Kwa risasi za asilimia 20, lingepiga nne kwa wastani na kukwama. Kwa hiyo swali la kwanza kwa risasi ya kutengenezwa upya ni itakwenda kwenye bunduki gani, na kwa kazi gani.

Lakini hilo ni nusu tu ya jambo. Wengi tunapozungumza juu ya risasi ya kuaminika tunachanganya maswali mawili yasiyofanana. Moja ni kama itafyatuka, na hilo ni suala la fataki na baruti. La pili ni kama ganda litahimili ikishafyatuka. Risasi inayogoma inakera, na vitani inaua kwa kuchelewesha. Ganda linalopasuka mahali pabaya linaweza kumjeruhi aliyeshika bunduki. Za Manza ziliumwa na ugonjwa wa kwanza. Ugonjwa wa pili ndio unaostahili kuwasumbua zaidi wanaonunua risasi za kujazwa upya.

Risasi ina sehemu nne: fataki kitakoni, baruti tumboni, kichwa mdomoni, na ganda linaloshika vyote. Pini ikigonga fataki, cheche inaingia kwenye baruti, baruti inageuka gesi, na gesi inasukuma kichwa kwenye mtutu. Fataki imekwisha, baruti imekwisha, kichwa kimekwenda zake. Ganda ndilo pekee linalobaki, nalo ndilo ghali kuliko vingine vyote katika risasi nyingi za kawaida. Biashara yote ya kujaza upya imesimama hapo. Anayejaza upya ananunua fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, lakini ganda analirithi pamoja na kila lililowahi kulipata.

Kazi ya ganda haiishii kwenye kubeba. Risasi ya bastola ya milimita 9 inaruhusiwa na viwango vya Marekani kufikia shinikizo la paundi 35,000 kwa kila inchi ya mraba, zaidi ya mara 2,000 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Ile ya bunduki ya .308 inafika 62,000. Ganda peke yake haliwezi kuzuia nguvu hiyo. Linaloizuia ni chuma cha chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na bolti inayoifunga. Kazi ya ganda ni kuziba. Gesi inapopanda, kuta zake nyembamba zinatanuka na kubana ukuta wa chemba, gesi isipate njia ya kurudi nyuma usoni mwa mpigaji. Kichwa kikishatoka na shinikizo kushuka, ganda linatakiwa kunywea kidogo ili litoke. Shaba ya manjano, mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, inapendwa kwa sababu inaweza yote mawili: kutanuka bila kupasuka na kunywea bila kung'ang'ania. Wahandisi wa karne ya 19 walijaribu shaba nyekundu tupu na maganda ya bati la shaba lililoviringishwa, wakaishia kwenye malalamiko ya maganda kukwama chemba, kisha majeshi yakahamia kwenye ganda la kipande kimoja linalovutwa kwa mashini.

Kutokana na kazi hiyo ya kuziba, swali la kwanza la fundi akiletewa ganda lililopasuka ni ufa uko wapi. Ufa wa shingoni, pale kichwa kinaposhikwa, mara nyingi mpigaji hata hausikii. Gesi inavujia mbele kuelekea mtutu, na ganda linatupwa. Ufa wa ubavuni unaacha masizi na unaweza kuchoma chemba. Ufa wa karibu na kitako ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo ganda linapotoka kwenye kinga ya chemba, na likifumuka gesi inakwenda nyuma, kwenye bolti na magazini. Magazini inaweza kutupwa nje, kitako cha mbao cha bunduki kikapasuka, macho yakaumia. Maganda matatu yamepasuka, nayo ni matukio matatu yasiyostahili kuwekwa kwenye takwimu moja.

Kinachoichosha shaba ni nini basi? Kwanza ni kazi yenyewe. Chukua kipande cha waya wa shaba, ukikunje na kukikunjua. Mara ya kwanza kinalegea mkononi, baadaye kinakuwa kigumu, mwisho kinakatika. Shingo ya ganda inapitia hayo hayo: inatanuliwa na risasi, inabanwa na kifaa cha kurudisha vipimo, inatanuliwa tena kuingiza kichwa. Wajazaji makini huichoma shingo kwa moto kidogo baada ya mizunguko kadhaa ili irudie ulaini. Kitako hakichomwi kamwe. Kinatakiwa kiwe kigumu, na ukikilainisha umetengeneza hatari mpya kwa mikono yako.

Pili ni kunyooshwa. Ganda likiwa na nafasi ya ziada chembani, sehemu ya mbele inashikwa na ukuta huku kitako kikisukumwa nyuma mpaka kiguse bolti. Urefu huo unachukuliwa mahali pamoja, milimita chache juu ya kitako, ambapo ukuta mnene unaanza kuwa mwembamba. Mjazaji akilirudisha ganda kwenye vipimo vya kitabuni badala ya vipimo vya chemba yake, risasi inayofuata inalinyoosha tena palepale. Baada ya mizunguko michache unaonekana mstari unaong'aa ukizunguka ganda, kisha siku moja kitako kinatoka peke yake na mwili unabaki ndani ya chemba. Lee-Enfield ya .303, bunduki ambayo vikosi vya KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) walitembea nayo Afrika Mashariki nzima, inajulikana kwa hili. Bolti yake inafungia nyuma, na chemba zake nyingi zilichongwa pana ili risasi yenye tope au mchanga iingie. Kwa jeshi linalotupa maganda hiyo ni busara kabisa. Kwa mjazaji wa leo ni maganda yanayokufa mapema. Hata na risasi mpya jambo hilo lilitokea, ndiyo maana wapiga bombomu la Vickers walipewa kifaa maalumu cha kuchomolea mabaki ya ganda lililokatika.

Ukitaka kuujua ufa huo kabla haujatokea, kuna ujanja wa bei rahisi ambao wajazaji wote wanaujua. Nyoosha kibanio cha karatasi, kunja ncha yake iwe kama ndoana ndogo, noa kidogo, iingize ndani ya ganda tupu mpaka chini, kisha uivute juu taratibu ukiikandamiza ukutani. Ganda zima linateleza. Lililokonda linaishika ndoana karibu na kitako, kama mfereji usioonekana kwa nje. Ganda la namna hiyo linapondwa kwa koleo palepale, lisije likarudi kwenye ndoo kwa bahati mbaya.

Tatu ni amonia, na hapa kuna kisa ambacho wahandisi wa metali wanakisimulia mpaka leo. Katika India ya Waingereza, msimu wa mvua za monsuni operesheni za kijeshi zilipungua na risasi zikahifadhiwa kwenye mazizi ya farasi mpaka kiangazi. Mvua zilipokwisha, maganda mengi yalikutwa na nyufa ingawa hayakuwa yamefyatuliwa hata mara moja. Nyufa zikapewa jina la msimu, kwa kuwa zilikuja na msimu. Maelezo kamili yalipatikana mwaka 1921, watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson walipoonyesha kwamba amonia kutoka kwenye mikojo ya farasi, ikisaidiwa na unyevu wa hewa, ilikuwa inaishambulia shaba iliyobaki na mkazo ndani yake tangu ilipovutwa kiwandani. Mambo matatu yalihitajika kwa pamoja: shaba yenye mkazo, amonia na unyevu. Dawa ikawa kulipasha ganda moto wa wastani, unaotosha kuondoa mkazo bila kulifanya lilegee.

Maana yake kwa mjazaji wa leo ni kwamba ganda linaweza kuharibiwa na usafi. Baadhi ya dawa za kung'arishia shaba zina amonia. Mtu ananunua maganda machafu, anayang'arisha yakametameta, mteja anafurahi, kumbe ameyafanyia kilekile ambacho farasi waliyafanyia yale ya India. Ganda linalong'aa sana halinipi imani yoyote zaidi ya lile lililofifia kidogo.

Nne ni zebaki. Fataki za zamani zilitumia fulmineti ya zebaki, na ikilipuka huacha zebaki inayopenya kwenye shaba na kuifanya iwe kavu kama kigae. Enzi za baruti nyeusi masizi mengi yaliinyonya sehemu kubwa ya zebaki hiyo, na maganda yaliweza kujazwa tena. Baruti isiyotoa moshi ilipoingia mwishoni mwa karne ya 19, shinikizo likapanda, masizi yakapungua, na maganda yakaanza kupasuka kwenye mzunguko wa pili. Jeshi la Marekani liliachana na fataki za zebaki katika risasi zake za bunduki. Lakini risasi za kale za nchi nyingine bado zinazunguka sokoni kwa wakusanyaji, na ganda lililowahi kuonja zebaki halioneshi dalili yoyote kwa macho. Risasi za kale zina kikwazo kingine pia: nyingi za Ulaya zina fataki ya mtindo wa Berdan, yenye matundu mawili madogo ya moto yasiyokaa katikati, na kuitoa fataki hiyo ni kazi ya kuchosha. Maganda ya Boxer, yenye tundu moja la katikati, yanatolewa fataki kwa sindano moja tu, na ndiyo yaliyoijenga biashara ya kujaza upya Marekani. Kinaya ni kwamba Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na Edward Boxer Mwingereza.

Biashara hiyo leo inaanzia kwenye viwanja vya shabaha. Maganda yanafagiwa sakafuni yakiwa yamechanganyika, yanauzwa kwa uzito, yanachambuliwa kwa kaliba, yanaoshwa, yanatolewa fataki, yanarudishwa kwenye vipimo na kujazwa. Marekani, anayefanya hivyo kwa ajili ya kuuza lazima awe na leseni ya shirikisho, aina ya 06, sawa na anayetengeneza risasi mpya. Sheria inasimamia leseni. Historia ya ganda haiko kwenye leseni. Katika gunia moja kuna lililofyatuliwa mara moja, lililofyatuliwa mara kumi, na lililotoka kwenye bastola ya .40 ambayo chemba yake haikufunika kitako vizuri. Ganda la namna hiyo linatoka na kitumbo upande mmoja. Mashini ya kurudisha vipimo inakifuta kitumbo, macho hayaoni tena kitu, lakini shaba ilikwishanyooshwa pale pale pasipotakiwa.

Ndiyo sababu siwaelewi wanaosema risasi zote za kujazwa upya ni mbaya, wala wanaosema ni sawa tu na mpya. Wapiga shabaha wa mashindano ya masafa marefu hujaza wenyewe, na risasi zao mara nyingi zinashinda za kiwandani kwa usahihi. Wanajua ganda lilinunuliwa lini, limefyatuliwa mara ngapi, kwenye bunduki ipi. Yaani wanayo historia. Mtengenezaji mkubwa anayechukua maganda ya kituo kimoja cha mafunzo, yaliyofyatuliwa mara moja, yuko karibu nao. Anayenunua gunia lisilojulikana limetoka wapi ananunua kubahatisha, hata mashini zake ziwe za kisasa namna gani. Kwa kutoboa karatasi Jumamosi asubuhi, na miwani machoni, hasara ni ndogo. Kwa mlinzi wa benki au mwindaji anayemfuata nyati kichakani, akiba ya shilingi chache haina maana, na vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wengi wa bunduki vinasema wazi kwamba dhamana inakufa ukitumia risasi zilizojazwa upya.

Ganda nalo husingiziwa mengi. Bunduki ikilipuka, kinachookotwa ni shaba iliyochanika, na watu wanaishutumu. Mara nyingi yenyewe ni majeruhi. Baruti ikimwagwa mara mbili ndani ya ganda la bastola, hata ganda lililotoka kiwandani juzi litafumuka. Kichwa kikizama ndani zaidi ya kiasi kwa sababu hakikubanwa vizuri shingoni, nafasi ya gesi inapungua na shinikizo linaruka. Baya kuliko yote ni risasi isiyo na baruti kabisa: fataki inalia kwa sauti hafifu, kichwa kinasogea na kukwama katikati ya mtutu, mpigaji anadhani imegoma tu, anavuta nyingine na kufyatua. Sauti ndogo isiyo ya kawaida ni amri ya kusimama, kutoa risasi zote na kuchungulia mtutu kutoka upande wa chemba. Iliyogoma bila sauti nayo haifunguliwi papo hapo. Mtutu unaelekezwa mahali salama kwa nusu dakika, maana fataki dhaifu inaweza kuchelewa kuwasha.

Ukiwa na boksi la risasi za namna hii mkononi, mwaga kumi mezani na usome maandishi ya kitakoni kabla ya kusoma ya kwenye boksi. Yakiwa ya kiwanda kimoja na mwaka mmoja, mtengenezaji alichagua. Ukikuta majina sita katika risasi kumi, aliokota. Pitisha kidole kwenye fataki. Inatakiwa izame kidogo chini ya kitako, isichomoze. Tafuta mstari wa kung'aa juu ya kitako. Linganisha urefu kwa kuzisimamisha pamoja. Namba ya shehena iliyopigwa kwenye boksi itunze pia, kwani ndiyo itakayotumika kama mtengenezaji ataziondoa sokoni, ingawa namba hiyo inahusu kazi ya kujaza tu. Kiwanda kilicholivuta ganda kwa mara ya kwanza kilikuwa na namba yake kwenye boksi jingine, na boksi hilo lilitupwa siku risasi ya kwanza ilipofyatuliwa.